Fomu Nisiyoisaini

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, umeanza kuukanyagia? Mimi mzima, nimefika salama. Simu zangu hupokei, basi naandika.

Najua umekasirika. Siku naondoka ulijifungia karakanani ukapiga randa ubao usio na mteja, Mama akanisindikiza peke yake. Lakini Baba, nimesomea mashine za hospitali miaka minne. Nafasi aliyonitafutia Baba Mdogo ofisini kwao ni ya kugonga mihuri. Muhuri hauhitaji chuo kikuu.

Chumba changu chembamba; nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Ila ufunguo ninao mimi. Jumatatu naanza kazi hospitali, upande wa mafundi.

Binti yako


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu ni wangu, niachie mwenyewe. Sisi hatujambo, Mama yako anakohoa kidogo tu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usicheke, najua guu lililovunjika ni langu. Na chumba ambacho mtu anagusa kuta zote mbili, sisi maseremala tunakiita kabati.

Baba Mdogo amewabembeleza wakushikie nafasi hadi mwisho wa Juni. Rudi. Kama hurudi, usijisumbue kuniandikia.

Baba yako


12 Machi

Baba,

Shikamoo. Kikohozi cha Mama kimepungua?

Umesema nisijisumbue. Najisumbua. Mkuu wa mafundi ananiita "Mgeni" na kazi aliyonipa ni kufuta vumbi kwenye nyaya. Wiki iliyopita, akiwa kikaoni, nilifungua pampu iliyomshinda tangu mwaka jana. Sasa inafanya kazi. Hajanisifu, lakini ameacha kunituma chai.

Hiyo nafasi wampe mwingine. Sirudi.

Binti yako


16 Julai

Baba,

Shikamoo. Miezi minne kimya. Mama ananiambia unatembea bila fimbo. Nimefurahi, ingawa hukuniambia wewe.

Nakueleza mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: nimefukuzwa kazi.

Wadi ya watoto njiti ina mashine sita za kuwatunzia joto. Moja ilikuwa inaonyesha nyuzi thelathini na sita, kipimo changu kikasoma thelathini na tisa. Nikabandika karatasi: ISITUMIKE. Mkuu akaibandua. Wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake.

"Saini hapa kwamba ni nzima," akasema, akinisukumia fomu ya ukaguzi.

"Si nzima."

"Mgeni, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na mtoto atakayelazwa humu hawezi kusema anaungua."

"Basi chagua. Kalamu au mlango."

Nikachagua mlango. Lakini kabla ya kutoka nilipitia wadini, nikamweleza muuguzi mkuu mbele ya akina mama wote, kwa sauti. Akaenda akachomoa waya ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Muuguzi huyo ameniandikia barua ya kupeleka hospitali nyingine. Usaili ni tarehe tano mwezi ujao. Wakinikataa, nitakwenda ya tatu. Usidhani naomba kurudi.

Binti yako


9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Na ile shikamoo ya Machi nayo, marahaba. Ilikaa bila jibu kwa kiburi changu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikamsomea Mama yako, kisha nikaisoma tena peke yangu. Nikwambie jambo ambalo hata yeye halijui. Zamani, kabla hujazaliwa, mteja alikuwa na haraka na kitanda cha mtoto. Nikampa, huku najua gundi ya mguu mmoja haijakauka. Mtoto alianguka. Alipona, lakini kile kilio bado nakisikia. Mimi mtu mzima nilishindwa kumwambia mteja "hakijawa tayari". Wewe umesema.

Jana Baba Mdogo alikuja anacheka. "Nasikia kafukuzwa! Ofisini bado hawajapata mtu. Mwandikie arudi."

"Hajafukuzwa," nikamwambia. "Amekataa."

"Si ni yale yale?"

"Siyo. Na usiniulize tena."

Akaondoka bila kumaliza chai. Atapoa, ni ndugu yangu.

Usaili umeshapita. Wakikuchukua, niandikie. Wakikukataa, niandikie vilevile. Ila kurudi, usirudi mpaka utake mwenyewe, na atakayekuita kabla ya hapo, hata kama ni mimi, mwambie hapana.

Baba yako