Picha Iliyoishia Harusini

Fereej Bin Mahmoud,
Doha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na Mama bado anakunyima chumvi? Mimi mzima, joto tu ndilo linatukaanga. Haya ningeweza kukupigia simu, ila nataka Mama akusomee kwa sauti, baraza nzima isikie.

Yule mzee wa Kihindi ninayemtunza hapa kwa binti yake daktari, niliyekwambia ana maneno makali na hapendi uji, kumbe alikuwa mwongozaji wa picha za senema. Alianza Bombay kwa kubeba taa, akilala humo humo studio, hadi akapewa picha yake mwenyewe. Zikapendwa tatu mfululizo. Ya nne ikamzamisha. Kwao waliizomea, ikatolewa wiki ile ile, naye akakaa miaka bila kazi.

Majuzi Wahindi wenzake walimwandalia sherehe ukumbini Al Sadd. Alikubali kwa sharti kwamba hiyo ya nne isitajwe. Nilikuwa nampigia pasi shati, nikamuuliza ilihusu nini. Aliponisimulia, Baba, nusura niunguze shati. Ilikuwa ile iliyokukosesha kazi.

Mdomo wangu unaujua. Kwa Kihindi changu cha senema na Kiingereza cha kuombea maji, nikamwambia Tanga haikuzomewa, watu walijaa hadi masika. Akadhani namfariji tu. Ikabidi niseme yote: kwamba siku ya kwanza steringi, yule kijana shujaa, alipokufa watu walivunja viti, maana kwetu steringi hafi; na kuanzia siku ya pili operata alizima mashine pale harusini, kabla kijana hajafa, mkanda wa mwisho akauacha koponi. Kwamba operata huyo ni baba yangu, na mwenye senema alipogundua alimfukuza, na mpaka leo wapo wanaomwita mwizi wa picha. Daktari akanikata jicho. Niliogopa, maana nimemwambia mtu mzima kwamba kazi yake ilikatwa bila idhini.

Mzee akacheka mpaka nikamshika asianguke.

Ukumbini aliweka kando karatasi aliyoandikiwa, akaeleza habari zako zote. Akasema, "Kijana yule nilimuua kwa ukaidi wangu. Fundi mmoja wa Tanga aliijua picha yangu kuliko mimi." Watu wakapiga makofi, Baba, wanakupigia wewe. Nililia huko nyuma na mkoba wa dawa zake, na wala sikuona haya.

Nisalimie Mama, dada na wanawe, na shangazi wa Pangani. Mjomba anayekutania kila Idi asomewe mara mbili.

Sasa hii nimetumwa. Wahindi wenzake wanataka kuionyesha picha hiyo hapa, naye amekataa isionyeshwe ila kwa mkato wako. Anakuuliza, kwa heshima, ulikuwa unazima mashine wapi hasa: kabla bibi harusi hajafunuliwa uso, au baada? Anasema hataigusa mpaka umjibu.

Binti yako, najivuna mpaka kisogoni,
Mwanaidi