Moshi Kutoka Pima Kumi na Nne

Darwin, Australia
3 Mei 1986

Mdogo wangu Themelis,

Barua hii ikikukuta na meno yako yote kinywani, nitamshukuru Mungu. Sisi huku hatujambo. Katerina anasumbuliwa na joto, mimi nasumbuliwa na Katerina, siku zinakwenda. Dada yetu Sevasti hajambo? Na mwanawe Nomikos, bado anapiga mbizi kutafuta sifongo?

Sanduku linalokuja na meli ni lako. Ndani kuna mashine yangu ya zamani ya kutafutia samaki. Kile kidude cha mviringo kifunge tezini, nyuma ya boti, kiwe ndani ya maji. Kinapiga sauti chini, sauti inarudi, na sindano inachora kwenye karatasi kile ilichokikuta. Mstari mzito mweusi ni sakafu ya bahari. Penye mwamba mstari hujirudia mara ya pili chini yake. Penye tope haujirudii. Samaki mmoja hutoka kama nyusi, kundi hutoka kama wingu. Usiamini kila doa, mengine ni mawimbi tu.

Nakupa kwa sharti moja: baruti basi. Ukishaona samaki walipo, ndoana inatosha. Mkono wangu wa kulia ndio huu unaokuandikia. Wa kushoto ulikatwa na baruti ukaliwa na kaa pale penye Mapacha, ile miamba miwili ya chini ya maji, mwaka sitini na tisa, na ni wewe uliyenifunga damu kwa shati lako. Usisahau.

Kaka yako,
Skevos


Kalimnos
11 Juni 1986

Kaka Skevos,

Shikamoo. Nimepokea barua, nimepokea sanduku, nimepokea na mahubiri. Meno yangu yote yapo. Jino moja la Lambis ndilo halipo, nitakueleza.

Mashine yako ni uchawi mtupu. Wiki ya kwanza nilivua kwa ndoana kama ulivyotaka, mtiifu kama mtawa. Wiki ya pili upepo ukakaza, samaki hawashiki, na mgahawani wananingoja mimi nilishe wageni wao. Nikatupa kijiti kimoja tu cha baruti. Kaka, zamani tulikuwa tunatupa kama vipofu! Sasa naliona wingu, nakata utambi kwa kipimo, nalipasua katikati. Walipanda juu matumbo yamewatokea midomoni, wengine bado wanapepesa mapezi. Nilijaza makapu manne.

Lambis, yule yule adui yetu wa tangu shule, akaja na boti yake akaanza kuokota wangu waliokuwa wakielea. Nikamwambia, "We, hao wana mwenyewe!" Akanijibu, "Mwenyewe ni bahari. Wewe ni mwizi mwenzangu tu." Nikamchapa kasia la mdomo. Ndiyo habari ya jino. Ameapa atanizika.

Nomikos mzima. Sifongo zimeoza mwaka huu, kuna ugonjwa huko chini, basi anawinda chewa kwa mtungi wa hewa na bunduki ya mkuki. Ni marufuku, kwa hiyo boti yake huificha nyuma ya rasi ili askari wa bandari wasiione. Dada humwombea yeye kila asubuhi, kisha hunilaani mimi, kisha hupika kahawa.

Nina swali. Mara nyingine naona kitu kama moshi unapanda kutoka mwambani. Ni nini kile?

Mdogo wako,
Themelis


Darwin
20 Juni 1986

Themelis,

Sisi wazima. Nawe natumaini u mzima, ingawa hustahili. Nilikupa macho, wewe ukayafanya bunduki. Katerina amesema nisikuandikie tena, na safari hii ana haki. Lakini tumelala tumbo moja, nitafanyaje?

Moshi huo ni dagaa wanaokimbizwa juu. Chini ya moshi kuna mkubwa, chewa au kolekole, nimeona hivyo mara mia. Teremsha ndoana yenye kipande cha pweza papo hapo, usingoje. Ndoana, nimesema. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nimesema.

Kaka yako,
Skevos


Kalimnos
9 Agosti 1986

Kaka,

Sina salamu. Nomikos wetu amekufa.

Alitoka Jumatano asubuhi na hakurudi. Siku mbili tulimtafuta, boti ishirini, mimi mbele na mashine yako, nikisoma karatasi mpaka macho yakaniuma. Jana tulimkuta kwenye ghuba ya Lambis. Kioo cha usoni kimepasuka, damu imeganda masikioni na puani, na kifua kimebonyea kama mfuko. Daktari alitazama mara moja tu akasema ni baruti. Na Jumatano watu walimsikia Lambis akitupa upande ule.

Baba yake hayupo duniani, kwa hiyo ilikuwa kazi ya mjomba. Nilimkuta Lambis mlangoni kwake anakula. Sikumsalimu. Nilimvunja taya kwa kasia, nikaendelea mpaka jicho la kushoto likafumba, na sidhani litafumbuka. Alikuwa anasema, damu inamtoka, "Si mimi, Themelis. Mimi nilitupa jioni, si asubuhi." Nikampiga na kwa hilo pia. Boti yake nimeichoma. Askari wamempeleka gerezani Kos, mimi hawakunigusa.

Dada hasemi. Amekaa na viatu vya Nomikos mapajani, na mtu akitaka kuvichukua anauma.

Humu ndani nimeweka karatasi ya Jumatano. Mimi nilikuwa mbali, upande mwingine kabisa. Niliona moshi kwenye kina cha pima kumi na nne, nikatupa, nikapata changu watatu tu. Ukipata nafasi niambie ni samaki gani.

Mdogo wako,
Themelis


Darwin
18 Agosti 1986

Themelis,

Nimemlilia Nomikos, na Katerina amemwashia mshumaa. Kisha nikaitandaza karatasi yako mezani, nikaisoma.

Hukuandika ulikuwa wapi, lakini sakafu ile naijua. Vilima viwili, cha kushoto kimevunjika ncha, na mstari umejirudia chini yake. Ni Mapacha. Mkono wangu uko pale. Na mkondo wa Agosti ukitoka pale unakwenda moja kwa moja ghuba ya Lambis. Tulilijua hilo tungali watoto, tulipopoteza kapu la mama tukaenda kuliokotea kule.

Sasa moshi. Moshi wa dagaa ni shuka moja iliyochanika ovyo. Huu wako umekatika vipande. Kipande kinapanda, nafasi, kipande, nafasi, na nafasi zote zinalingana. Nimezipima kwa rula. Samaki hapumui kwa hesabu, Themelis. Hayo ni mapovu ya mtu mwenye mtungi. Baada ya kipande cha mwisho karatasi ni nyeusi kutoka juu mpaka chini, ndiyo baruti yako. Baada ya weusi kuna mwamba peke yake.

Kosa la kwanza ni langu. Nilikuambia chini ya moshi kuna mkubwa, sikukuambia habari za wapiga mbizi, na nilijua wewe ni mtu wa kutupa. Nitalibeba. Lakini Lambis amefungwa kwa jambo asilolitenda, na jicho lake umelitoa wewe. Nimepiga simu pale kwenye mkahawa mara tatu, wananiambia umekataa kuja. Mwambie dada. Mwambie kabla ya arobaini, tarehe kumi na nne Septemba. Usiposema wewe, nitasema mimi.

Kaka yako,
Skevos


Kalimnos
27 Agosti 1986

Skevos,

Hali yako sikuulizi. Umekaa huko miaka kumi na mitano, unashiba nyama, unanisomea madoa! Mtu mwenye mkono mmoja anifundishe mimi baruti? Nani alinipa kijiti changu cha kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, akacheka nilipojikojolea? Nani aliandika "chini ya moshi kuna mkubwa, usingoje"? Barua yako ninayo. Sikungoja.

Upepo ulikuwa unachemsha bahari, povu kila mahali. Boti ya Nomikos imefichwa nyuma ya rasi. Nani angeona? Wewe ungeona?

Ukimwandikia dada, nitakuja huko huko nikukate na huo mkono uliobaki. Rudisha karatasi yangu. Na Lambis aoze. Ningekuwa mimi humo ndani, yeye angecheza dansi barabarani.

Themelis


Darwin
5 Septemba 1986

Mdogo wangu Themelis,

Hatujambo hatujambo hivi. Umetukana vizuri, na la kijiti ni kweli. Nilicheka. Nimelikumbuka wiki nzima.

Nimemwandikia dada barua nne nikazichana zote. Juzi nilimpigia simu. Akapokea mwenyewe, akasema, "Skevos, mbona umenyamaza?" Nikamwambia pole, nikakata. Kwa hiyo usiogope kitisho changu, kimekwisha.

Karatasi yako hii hapa. Ni hiyo moja, sina nakala. Ukiichoma, Lambis ndiye muuaji na hakuna atakayejua zaidi yetu wawili. Mimi sitakushika mkono, niko mbali na ninao mmoja tu. Nakuuliza neno moja. Ungeweza kuichoma Jumatano ile ile, kabla mtu hajaiona. Kwa nini uliniletea?

Kaka yako,
Skevos


Gerezani, Kos
2 Oktoba 1986

Kaka Skevos,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mbavu mbili na uso. Chakula cha humu ni dengu, na baada ya dengu ni dengu. Katerina msalimie, mwambie alikuwa na haki.

Umeniuliza kwa nini niliituma. Nilijua, kaka. Tulipokuwa tunamtafuta Nomikos nilipita penye Mapacha mara tatu, na mara zote tatu niliizima mashine. Nilipomvunja Lambis taya nilikuwa namwomba akiri, kila pigo nilikuwa namwomba. Kisha nikakutumia wewe, kwa sababu nilitaka mtu mmoja tu duniani aniambie ni samaki. Ungesema samaki, ningekuamini mpaka nife.

Barua yako ilifika Jumamosi, arobaini ikawa Jumapili. Tulitoka kanisani tukaenda kwa dada kula ile ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu. Nyumba imejaa. Nikaiweka karatasi kando ya sahani, nikasema mbele ya wote, "Nomikos nimemuua mimi. Lambis hana kosa." Nilidhani nitasema mengi, lakini yalikuwa hayo tu.

Ndugu wa upande wa baba yake Nomikos walinivuta mpaka uani. Sikuinua mkono. Walinipiga mateke mpaka nikasikia mbavu zinalia, na mmoja alikwenda kutafuta shoka. Dada akatoka, akasema, "Mwacheni." Ndilo neno la kwanza sisi wa huku kulisikia kwake tangu mazishi. Wakaniacha. Akaniingiza ndani, akaniketisha, akachukua sahani nzima ya ngano akanipasulia usoni. Nina kovu kutoka jichoni mpaka kidevuni. Sahani ilikuwa ya mama.

Lambis wamemwachia. Tulipishana mlangoni hapa, yeye anatoka, mimi naingia. Alitaka kunitemea mate, lakini taya bado limefungwa waya, yakamwangukia mwenyewe kifuani. Nikamfuta kwa mkono wangu. Akaniacha nimfute.

Karatasi askari hawakuipata. Dada ameiweka nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikolasi, na alimwambia askari hakuna karatasi, asije nyumbani kwake kutafuta karatasi.

Lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Kabla askari hawajafika, damu yangu ilikuwa inadondokea ile karatasi. Dada akaifuta kwa pindo la nguo yake nyeusi, akaitandaza katikati ya ngano iliyomwagika, akasema, "Nisomee."

Nikamwonyesha mwamba. Nikamwonyesha moshi.

"Hiki ni nini?"

"Pumzi, dada."

"Na hiki?"

"Pumzi."

Akaacha kuuliza. Akaweka kidole kwenye kila kipande, kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti kama alivyokuwa akimhesabia Nomikos ngazi za bandarini alipokuwa mdogo. Akafika kumi na moja. Kidole kikagusa weusi, kikauvuka, kikaenda upande wa pili palipo peupe, kikawa kinatafuta huko. Kilitafuta muda mrefu, kaka.

"Nionyeshe ya kumi na mbili," akasema.

Mwandikie wewe. Wewe ndiye uliyetufundisha kusoma. Mwambie haipo, maana mimi nilishindwa.

Mdogo wako,
Themelis