Malkia Aliyejifunika Kanga

Jumamosi. Vumbi limetanda tangu asubuhi, na minara ya Al Jaddaf, mtaa wetu huku ughaibuni, haionekani ila ghorofa zake za chini. Ndani kiyoyozi kinavuma na mlangoni pamejaa viatu vya wageni.

Bibi alifariki Jumanne. Alizikwa siku ileile, baada ya Alasiri.

Naandika kwa sababu nimefanya jambo leo na sijui nimwambie nani.

Muhula huu mwalimu wetu wa sanaa anatufundisha kuhusu kanisa kuu moja la enzi za kati, ambalo wafalme walizikwa humo kizazi baada ya kizazi. Alituonyesha picha zake ukutani: dari ya mawe iliyo juu mno, mbavu zake zikikutana katikati kama vidole, madirisha ya vioo vyekundu na vya buluu, kuta zilizoegemezwa kwa nje ili zisisukumwe na uzito wa dari. Mimi mawazo yangu yalibaki kwenye makaburi. Juu ya kila kaburi amelala mfalme au malkia wa jiwe jeupe, viganja vimekutana kifuani, mnyama mdogo miguuni. Malkia mmoja alikufa mzee, ila mwanawe aliagiza achongwe akiwa kijana. Wengine hawana nyuso. Mwalimu alisema askari waliingia na nyundo karne nyingi baadaye, kwa sababu waliona sanamu kanisani ni dhambi.

Kazi yetu ya mtihani ni kufinyanga sanamu ndogo ya namna hiyo, ya mtu ambaye hakuwahi kutawala popote. Nikamchagua Bibi.

Alikubali kwa masihara. Alijilaza kitandani kwake, akafumba macho, akaniambia nimweke vyema asije akapinda shingo kwa miaka mia saba. Mbwa wa kukaa miguuni hakumtaka, nikamfinyangia paka. Taji pia hakulitaka, akataka kanga yake.

"Na mikunjo yangu usinipunguzie hata mmoja," alisema. "Nimeitafuta mwenyewe."

Nilimsimulia kwamba mfalme mmoja aliacha agizo watawa wamwombee kila siku mpaka mwisho wa dunia. Akauliza kama bado wanamwombea. Nikasema sidhani, siku hizi watu wanakata tiketi, wanapiga picha, wanaondoka.

"Mawe yote hayo, maskini, na dua hana," alisema.

Hazikupita siku nyingi, moyo wake ukasimama.

Leo ilikuwa hitima. Shangazi Rukia, dada yake Baba, alifika kutoka Unguja mazishi yakiwa yamekwisha. Hakuwahi kumwona mama yake kwenye sanda. Tangu aingie anafanya kazi tu: anaosha vyombo, anasukuma chapati, anakemea watoto. Halii. Sanamu nilikuwa nimeiweka kwenye sinia juu ya friji, nimeifunika kitambaa chenye maji ili udongo usikauke kabla sijaimaliza. Shangazi alipolishusha sinia alidhani ni unga uliokandwa. Nilikuwa mlangoni, sikumwahi.

Akafunua.

Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, sinia mapajani, akasema mara moja tu, taratibu, "Mama."

Picha za Bibi zipo kwenye simu zetu, lakini humo anacheka au anageuza uso. Kwenye udongo alikuwa amelala.

Baba alipoona nilijua atakasirika. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniita pembeni akaniambia sanamu yenye uso wa mtu, tena wa marehemu, haiwezi kukaa nyumba hii wala kwenda shule. Nyuso ziondoke, wa Bibi na wa paka; mengine nipeleke.

"Uondoe wewe, mwanangu," alisema. "Mkono wangu hautaweza."

Shangazi aliomba kitu kimoja. "Kaka, niachie mpaka Magharibi."

Akaachiwa. Alikaa naye jikoni akimtazama, hakumgusa. Chapati za wageni alizimalizia Mama.

Baada ya swala nilichovya kidole gumba majini. Siku zote niliwachukia wale askari wa nyundo. Leo nimejua kwamba kufuta uso si kazi ngumu, udongo haubishi. Mikunjo iliondoka kwanza. Kwa muda mfupi Bibi akawa kijana, kama yule malkia, kama alivyokuwa kabla Baba hajazaliwa. Kisha pua ikaondoka.

Kisha hakuwa mtu.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Ndipo alipolia.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Sikuipiga sanamu picha, na bado sijui kama nitajutia.

Jumatatu nitaipeleka ilivyo: kanga, viganja viwili, na mahali palipokuwa na uso. Nilizitaka sana alama za kazi hii. Mwalimu akiuliza nitamwambia kweli, labda ataelewa. Yeye ndiye aliyetufundisha kuzitazama zile sanamu zilizovunjwa.

Adhana ya Isha imeshatoka. Natakiwa nitie udhu, na udongo bado uko chini ya kucha zangu. Nimekaa nao kadiri nilivyoweza. Sasa naenda kuuosha, kisha nimwombee Bibi, leo na kesho na siku zinazokuja.

Yeye hakumwachia mtu agizo lolote.