Ufunguo wa Bomba

Jumatatu, 4 Mei

Bidon yangu, dumu la maji, ilikuwa ya tano kwenye foleni leo. Niliiweka alfajiri, kitambaa chekundu kwenye mshikio, nikarudi kwenye cherehani. Bidon zinapanga foleni badala yetu. Papa Mugisho, prezida wa komite ya bomba, alifika na ufunguo saa moja na dakika ishirini. Kalala vizuri, uso ulionyesha.

Mgongo wangu haupandishi tena lita ishirini hadi nyumbani. Binti yangu Neema ndiye anayepandisha. Alibeba, akabadili nguo, akakimbia. Geti la shule hufungwa saa moja na nusu. Amerudishwa. Mara ya tatu tangu Pasaka. Mtihani wa serikali unakaribia na mwanangu ameshinda hapa akimenya mihogo. Nina hasira.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda kumwomba Papa Mugisho afungue saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alinipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Maman Neema, maneno ya robine iko ya komite."

Komite hiyo ya bomba ni wanaume watano. Sijawahi kumwona hata mmoja na bidon mgongoni. Mtaro tunaosha sisi, foleni tunapanga sisi, ufunguo ni wao. Kila tarehe nane Machi Papa Mugisho huyo huyo hutusomea hotuba ya usawa, ndefu, tukiwa juani na sare zetu.

Wakati wa kurudi nimepita kwa shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu. Amesema uchaguzi wa prezida wa komite, mshika ufunguo, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kila mkaaji anaweza kugombea. Nikauliza, hata mwanamke? Akafikiri. Akasema hakuna karatasi inayokataza.

Ijumaa, 8 Mei

Neema amerudishwa tena. Safari hii wamemwambia akichelewa mara nyingine atasimamishwa wiki nzima. Wiki nzima, mwezi huu! Hakulia. Afadhali angelia.

Nimeandikisha jina langu kwa shefu. Shefu akaandika: mjane, fundi nguo. Kwenye mikutano ya avenue huwa naruhusiwa kusema kwa sababu hakuna mume wa kusema kwa niaba yangu. Haki hiyo nimeipata kwa kufiwa. Sipendi kuifikiria sana.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya misa wamama walinisalimia kwa mikono miwili. Wakanong'ona "courage", jipe moyo. Wakaondoka haraka.

Shida ni namna ya kupiga kura. Watu husimama nyuma ya mgombea wao, mchana kweupe. Maman Riziki, jirani yangu, hakunificha: "Bwana yangu ataniona. Siwezi, maman." Simlaumu. Mimi mwenyewe, marehemu akiwa hai, ningesimama wapi?

Maman Solange, mke wa Papa Mugisho, alinipita mlangoni pa kanisa bila kunitazama. Nimehesabu walio upande wangu. Mimi, na bibi wa nyumba ya kona ambaye haoni vizuri. Nimecheka peke yangu.

Jumanne, 12 Mei

Mkutano kwa shefu. Uchaguzi uliopita watu walisukumana hadi mtu akavunjika jino, kwa hiyo shefu anataka utaratibu mwingine. Papa Mugisho ndiye aliyetoa wazo. Kila nyumba, kura moja. Kila nyumba ilete bidon moja, iwekwe nyuma ya kiti cha mgombea kabla ya saa tatu asubuhi. Watu wasimame kando, bidon zisimame. Wanaume wote wakakubali. Kila mmoja ataamua kwa nyumba yake, atamwambia mke wake apeleke. Kwani nani atatembea na bidon siku ya Jumamosi, na viatu vimeng'arishwa?

Nimetoka pale nimekwisha. Nyumba moja kura moja maana yake ni baba mmoja kura moja.

Jioni bombani nimemkuta Maman Riziki akicheka hadi anashika tumbo. Nimemuuliza kuna nini. Amekataa kusema.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Neema amewahi kwa sababu tumechota maji ya bati. Mvua zikikatika mwezi ujao sijui tutafanyaje. Nimeharibu kola mbili. Kichwa hakipo. Nimefikiria kuondoa jina langu. Nimevaa viatu, nimefika kwenye kona, nimerudi.

Jumamosi, 16 Mei

Niandike taratibu, nisisahau kitu.

Shefu aliweka viti viwili bombani kulipokucha. Wamama walikuja na bidon kama kila siku. Kila mmoja akaweka yake, akasimama kando, mikono kwenye kitenge. Wanaume walifika karibu saa tatu, wakakuta mistari imekwisha kupangwa. Mstari wa Papa Mugisho ulikuwa mfupi. Wangu ulifika kwenye mtaro na kupinda.

Papa Mugisho alisema kuna makosa. Wanawake wamechanganya, wamezoea foleni moja. Shefu akajibu kwa upole kwamba dawa ni rahisi. Kila baba aende achukue bidon ya nyumba yake, aiweke anapotaka.

Hakuna aliyesogea.

Bidon zote ni za njano. Sisi tunazijua: hii ina kovu la moto, ile ina kamba ya bluu, ile mfuniko wake ni mfuko wa plastiki. Wao wamekunywa maji yake miaka yote. Mume wa Maman Riziki alitazama mstari, akatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipoelewa kicheko cha Jumanne.

Shefu akauliza, "Prezida, ya kwako iko wapi?"

"Yangu iko ya jaune," akasema Papa Mugisho. Ya njano, kama zote.

Mtu akacheka. Kisha wote. Akaingia mstarini kwa hasira, akanyanyua moja, akaipeleka nyuma ya kiti chake. Ilikuwa yangu. Kitambaa chekundu na vyote.

Maman Solange alitoka kati ya wamama waliosimama kando. Hakukimbia. Aliichukua bidon yangu, akairudisha mahali pake, halafu akaenda karibu na mwisho wa mstari wangu na kuweka mkono juu ya bidon iliyozibwa kwa kigunzi cha mahindi.

"Ya kwetu njo hii," alisema. "Iko pale nilieka."

Shefu alihesabu, ingawa hapakuwa na haja. Papa Mugisho akavua kamba ya ufunguo shingoni, akampa shefu, si mimi. Shefu akanipa. Ulikuwa na joto la kifua chake.

Nimefurahi. Pia nimeogopa kwa ajili ya Maman Solange, na woga umeizidi furaha. Nimemsindikiza hadi kwake. Hakutaka niingie.

Jumatatu, 18 Mei

Nimefungua saa kumi na moja na nusu. Ukungu kidogo. Maji yalitoka na kutu, kisha yakawa safi.

Maman Solange alikuja, wa saba. Nikamuuliza nyumbani kukoje. Akasema mzee hajasema neno tangu Jumamosi. Akajaza hadi juu, akachukua kigunzi, akaziba.

"Ila leo asubui ameniuliza," akasema. "Eti ya kwetu njo ile iko na kigunzi?"

Akainua bidon, akaenda.

Neema ametoka saa kumi na mbili na nusu. Nilisimama mlangoni hadi akapinda kona. Alikuwa anatembea tu, hakimbii.