Samaki wa Mgeni

Ijumaa, Karungu.

Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nami niko hivyo hivyo. Betri za redio zimeisha, kwa hiyo chumbani hamna sauti ila ya bati linapopoa.

Nina upweke. Naandika tu, maana hapa hakuna wa kumwambia.

Huu ni mwaka wangu wa pili wa kupima mbuta, wale sangara wa ziwani. Wiki nyingine natoka na boti ya utafiti, tunakokota wavu kwenye kilindi, ambako siku hizi hata mitumbwi ya injini inafika. Wiki nyingine nakaa kwenye banda la ufuoni na ubao wangu wa kupimia, napima samaki walioletwa na wavuvi kutoka huko huko. Jumatatu ripoti inatakiwa Homa Bay, na ofisi inataka jibu moja: uvuvi uendelee kilindini, au pafungwe kwanza samaki wazaane?

Shida ni kwamba wavu wetu na ufuo havisemi kitu kimoja. Wavu unaleta vitoto, samaki ambao hawajawahi kubeba mayai hata mara moja. Ufuoni napewa majitu ya kubebwa kwa mikono miwili. Mkubwa wangu anasema wavu una kasoro, tufuate vipimo vya ufuoni. Nilikuwa karibu kukubali, na ningelala vizuri.

Leo injini ya boti imekataa kuwaka, nikarudi ufuoni bila kutarajiwa. Mama Risper, mwenye mtumbwi na mwenye nyumba ninayopanga, alikuwa ameinama anachagua samaki. Wakubwa aliwapanga karibu na ubao wangu, juu ya majani mabichi. Wadogo, wengi mno, walikuwa kwenye karai nyuma yake, chini ya leso iliyofunika nusu tu. Aliponiona hakushtuka wala hakufunika kitu.

Nikamuuliza wale wadogo ni wa nani.

"Hizo ni za kukaanga, zinaenda soko ya Sindo," akasema. "Hizi kubwa ndio zako za kupima."

"Siku zote unanichagulia?"

"Si mimi peke yangu, ni sisi wote. Sasa mgeni utamwekea samaki ndogo mbele yake? Hiyo ni aibu, nyar Mombasa."

Nyar Mombasa, binti wa Mombasa. Kwetu ni Taveta, lakini nimeacha kubishana.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Kumbe muda wote huu wamekuwa wakiniandalia ubao kama meza ya wageni, nami napima kila samaki na kuiita hiyo hali ya ziwa.

Lakini si hesabu iliyoniuma.

Nilidhani wamenizoea. Nilidhani wananipa wakubwa kwa sababu ndio waliopo, na wananisalimu kwa sababu mimi ni wa hapa sasa. Mgeni hakemewi, haazimwi chumvi, haambiwi habari mbaya za nyumbani kwa mtu. Nikikumbuka vizuri, hakuna aliyewahi kuniambia habari mbaya hata moja.

Nikiandika ukweli, kilindi kitafungwa, na mtumbwi wa Mama Risper utavutwa nchi kavu pamoja na mingine. Ana watoto wa kulisha na hana shamba. Tena ni yeye pekee anayeniuliza kama nimekula. Nikinyamaza, vitoto vitavuliwa hadi viishe, na hata wa kukaanga watakosekana. Najua nitakachoandika. Naogopa tu kukiandika.

Jioni ameniletea kichwa cha mbuta kwenye sufuria, kikubwa kuliko njaa yangu. "Kula, mgeni," akasema, akarudi kwake. Kupitia dirisha niliwaona yeye na wanawe wamezunguka sinia moja, wanakula wadogo kama wale wa karai, wanacheka na kunyang'anyana.

Nimekula peke yangu. Kilikuwa kitamu, na nimelia kidogo.

Asubuhi nitamwomba aniache nipime karai lote, pamoja na walio chini ya leso. Kisha nitamweleza mwenyewe ripoti itasema nini, asije akaisikia kwa watu wa ofisi. Nikishamwambia hayo, nitaomba jioni nile kwenye sinia lile, samaki wale wale wadogo.

Sijui kama atanisogezea nafasi.