Mguu wa Bibi Si Maonyesho

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Leo nakuandikia yote, hata yanayonichefua.

Bibi amewekewa goti jipya. Daktari alimchoma sindano ya ganzi pajani, akasisitiza, "Aanze vidonge vya maumivu kabla ganzi haijaisha." Lakini Mjomba alimfunua shuka mbele ya wageni, akaufinya mguu kwa vidole vyenye mafuta. "Tazameni, gogo!" Bibi akageukia ukutani. Nilipoleta vidonge, Mjomba akanizuia: "Haumii, vya nini?"

Jioni ganzi iliisha. Bibi alilia huku ameuma mto, na Mjomba akasema, "Mama, acha kudeka." Nilimwonea kinyaa.

Sasa Bibi anakataa kupasuliwa goti la pili, isipokuwa uje umuuguze wewe. Mama, utakuja?

Mwanao anayengoja jibu