Pasi Niliyoitangaza Mwenyewe

Uyole, Mbeya

Mwanangu Eveline,

Ugonile, umeamkaje huko? Mimi mzima, viazi vimekubali, na hapa Uyole hakuna mzee wa kunishinda kulima.

Nyumba yako ya wageni inajaa. Ila juzi alikuja afisa kusajili nyumba za wageni. Akauliza mwenye nyumba nani. Nikajibu kwa sauti, majirani wasikie: binti yangu, siku hizi raia wa Ujerumani kabisa, ana pasi yao. Akaandika. Halafu akasema taratibu, "Mzee, raia wa nje haruhusiwi kumiliki kiwanja hivi hivi. Hii nyumba inaweza kuchukuliwa."

Toka hapo chakula hakipiti. Mama yako tulimzika pale pale, nyuma ya jiko. Wakichukua, nani atanifungulia geti nikapalilie kaburi lake?

Jumatano anarudi. Nitamwambia huna pasi yoyote, nilikuwa najisifu tu. Mimi Sosthenes sijawahi kukiri mbele ya watu kwamba najisifu.

Siku hiyo usinipigie simu, mwanangu. Huwa naweka sauti ya juu wote wasikie, na Kiswahili chako siku hizi kina lafudhi ya kizungu.

Ni mimi baba yako,
Sosthenes Mwasumbi